Hao Wengine Wamekosa Nini?

Mama wa binti alitangulia peke yake, asubuhi, kabla ya wenzake. Alipanda ngazi akiwa ameikumbatia bahasha ya vyeti kama mtu aliyebeba mtoto mchanga penye mvua, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, si kile nilichomwonyesha.

"Mama Vifungo," akaniambia, "niambie mimi kwanza. Alasiri shemeji yangu atakuja, na akiwemo chumbani yeye, sisi wengine hatupumui."

Nilimjibu kwamba sijasoma bado, na kwamba huwa sisemi neno kabla ya kusoma mara mbili. Akatikisa kichwa kama aliyetarajia jibu hilo. Shemeji aliyemtaja ni kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Watoto wanamwita Baba Mkubwa, na ndiye aliyewalea tangu wabaki yatima wa baba. Ana duka la vipuri vya magari.

"Na jambo la pili," akasema. "Mwanangu wa kwanza, kaka yake binti, atakuja pia. Ndiye anayeendesha gari. Tafadhali, mambo ya chuo usimhusishe."

"Kwa nini?"

"Aliomba vyuo vitatu, vile vikubwa tupu, kama shemeji alivyotaka. Vikamkataa vyote. Na vyuo vingine vilikuwa vimeshafunga madirisha ya maombi. Akaingia dukani kusaidia kwa muda tu, na muda ndio huo haujaisha. Wanamwita Profesa." Hakucheka. "Sasa ni zamu ya mdogo wake, na shemeji anataka vitatu vile vile, basi. Ijumaa wanafunga. Mimi watoto wangu ndio hao wawili, Mama Vifungo. Sina mwingine wa kujaribia."

Akashuka ngazi, nikabaki na bahasha.

Chumba changu kiko juu ya duka la fundi wa miwani. Kutwa nzima nasikia sauti za watu wakisoma herufi ukutani huko chini, wengine kwa uhakika, wengine kwa kubahatisha, na sauti ya fundi ikisema, "Usibahatishe, soma unachokiona." Nimeizoea kiasi kwamba siku za mapumziko naikosa. Kazi yangu ni kukadiria nafasi ya mwanafunzi kuchukuliwa na vyuo vikuu vyenye milango myembamba. Sikuisomea. Nilikuwa nauza vifungo, zipu na uzi. Mwanangu alipotaka kuomba chuo cha mbali, nikaanza kusoma takwimu ambazo vyuo vyenyewe hutangaza: wameomba wangapi, wamechukuliwa wangapi, walikuwa na alama gani, wametoka wapi, nani alihitaji msaada wa ada. Nilisoma polepole kwa sababu sikuwa na wa kuniharakisha. Mwanangu alipoondoka, jirani akaleta wa kwake. Zipu zikaisha, sikuagiza nyingine. Vifungo vilibaki, na baadaye utaona kwa nini.

Nikayasoma ya binti mara ya kwanza asubuhi ile, na mara ya pili baada ya chakula cha mchana. Alama zake zilikuwa za juu katika kila somo, na hisabati ya juu zaidi. Alitaka kusoma takwimu. Insha yake ilihusu pedi za breki. Aliona kwamba dukani kwao aina moja ya pedi ilirudishwa na wateja mara nyingi kuliko nyingine, na kila mtu alilaumu kiwanda. Yeye akawa anawauliza wateja wanaendesha wapi. Akagundua kwamba wengi wanaorudisha ni wale wa barabara ya mlimani, na kwamba hata pedi ile nyingine ingewaishia haraka vilevile, ila wao huipenda hii kwa kuwa ndiyo inayotosha magari yao. Niliisoma insha hiyo nikitabasamu. Aliyeiandika ni mtu anayeuliza kabla ya kulaumu.

Lakini hata vyuo vile vitatu huletewa insha nzuri kwa magunia. Na familia ilihitaji msaada wa ada, jambo ambalo katika vyuo vingi humfinyia mlango mwombaji anayetoka nchi ya nje. Nilipomaliza kupima, nikapata nane. Katika kila wanafunzi mia moja walio kama yeye, kila chuo kati ya vile kingechukua wanane hivi. Nilitaka wawe zaidi. Nikarudia hesabu, hawakuwa zaidi.

Walikuja alasiri. Nilimsikia Baba Mkubwa tangu ngazi ya chini.

"Ngazi hizi ndio mtihani wenyewe! Anayefika juu ameshafaulu!"

Alikuwa mtu mnene mwenye mikono mipana na kucha zenye weusi wa grisi usiotoka. Nyuma yake mama, kisha binti, mwembamba, miwani imemteremka puani. Nyumbani wanamwita Mkaguzi, kwa kuwa hakuna boksi linaloingia dukani bila yeye kulifungua na kuhesabu kilichomo. Mwisho aliingia Profesa, kijana mrefu, funguo za gari mkononi. Alisimama karibu na dirisha ingawa kiti kilikuwepo.

"Dada," Baba Mkubwa akaanza kabla hajakaa vizuri, "sisi hatukuja kukuuliza kama binti ana akili. Akili tunaijua, tumeinunulia madaftari. Tumekuja utuambie maombi yapelekwe vipi."

"Nitakuambia, Baba Mkubwa. Ila nina utaratibu wangu."

"Utaratibu ndio mama wa biashara. Endelea."

Nikatandika kitambaa cha kijani mezani, nikafungua kopo, nikamwaga vifungo mia moja. Ni vifungo vya shati, vyeupe, vya aina moja. Huwa nachagua vinavyofanana makusudi.

"Hawa ni wanafunzi mia moja," nikasema. "Wote wana alama kama za Mkaguzi. Wote wameandika insha nzuri. Wote mama zao wamewaombea dua. Wote wameomba chuo hiki cha kwanza mlichokitaja. Kila mmoja wenu anitengee wale anaodhani watachukuliwa. Mimi nitakuwa wa mwisho."

Huwa nafanya hivi kwa sababu mtu akitajiwa namba anaibishia, lakini akiitenga mwenyewe kwa kidole inambidi aitazame.

Mama alianza. Alitenga kimoja kimoja, akafika nusu, akasita, akaongeza vingine haraka haraka kana kwamba anamwibia mtu. Nikavihesabu na kuvirudisha. Sitini na kitu.

Baba Mkubwa hakuhesabu. Aliweka mkono wake mezani kama fagio, akavisukuma vyote upande mmoja.

"Wote?" nikauliza.

"Wote. Nimuache nani?"

"Mkaguzi?"

Binti alisukuma miwani juu. "Mimi siwezi kuhesabu, Mama Vifungo. Mimi nimo humo humo."

"Kifungo hakijihesabu," Baba Mkubwa akasema, akacheka peke yake.

Nikamgeukia kaka mtu kwa mazoea tu, maana nilisema kila mmoja. Mama akanitazama, nikakumbuka, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Mimi nilishahesabiwa," Profesa akasema. Alikuwa bado anatazama nje.

Huko chini mtu alikuwa akisoma herufi, akakwama kwenye ya mwisho.

Nikatenga vifungo vyangu. Nane. Nikaviweka kwenye mstari mfupi mbele ya Baba Mkubwa, na vile tisini na viwili nikaviacha kwenye rundo.

Alivitazama kwa muda. "Hivi ni vya nini?"

"Ndio wanaochukuliwa."

"Nane?" Sauti ilipanda. "Kwa alama hizi? Dada, wewe unauza vifungo au unauza huzuni?"

"Shemeji," mama akasema.

"Niache, shemeji. Nimeuliza swali la haki." Akainama, akalitazama rundo lile kubwa kana kwamba lina mtu ndani yake atakayemjibu. "Hawa wanane sawa, nimekubali, wameingia. Na hao wengine? Si umesema wote sawa? Alama sawa, insha sawa, dua sawa? Hao wengine wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu," nikasema.

"Hawawezi kuwa hawajakosa kitu na wakaachwa."

"Viti havitoshi, Baba Mkubwa. Wanaofaa ni wengi kuliko viti. Wanaochagua wakishawaondoa wasiofaa, bado wanabaki na watu wengi wanaofaa, na hapo wanachukua huyu kwa kuwa anapiga chombo ambacho bendi yao haina, na huyu kwa kuwa mwaka jana hawakuchukua mtu wa kwao, na huyu kwa kuwa aliyesoma fomu yake siku hiyo alifurahi. Wanaoachwa hawakufanya kosa."

"Rudia hapo," sauti ikasema kutoka dirishani.

Profesa alikuwa amegeuka. Funguo zilikuwa zimetulia mkononi.

"Nimesema, wanaoachwa hawakufanya kosa."

Baba Mkubwa alijifanya hakusikia, akahamia kwenye hesabu, ambako alijisikia nyumbani. "Haya. Nane. Lakini vyuo ni vitatu. Nane, na nane, na nane. Ishirini na nne. Tunaongea lugha moja sasa."

"Si ishirini na nne," Mkaguzi akasema kwa sauti ndogo. "Si havijumlishwi hivyo, Mama Vifungo?"

"Havijumlishwi," nikasema. "Vyuo hivi vinatafuta vitu vinavyofanana. Kinachokufungia mlango wa kwanza mara nyingi ndicho kinachokufungia wa pili. Tuseme kumi na tano. Ishirini, tukiwa wakarimu."

"Kuwa mkarimu."

"Ishirini, basi. Maana yake themanini wanakosa vyote vitatu, na wote wanafaa. Ndiyo sababu nashauri tuongeze vyuo vingine. Vitatu vya katikati, ambako mtu kama Mkaguzi nafasi yake ni nusu kwa nusu. Na kimoja ambacho karibu kila mtu wa aina yake anaingia."

Baba Mkubwa aliegemea kiti, kikalia. "Usiniletee habari za tairi la akiba. Nimeshaambiwa na kila mtu, hadi kinyozi. Sikiliza, dada. Duka langu lina kibao mlangoni: hapa hakuna feki. Unajua kwa nini wateja wananiamini? Si kwa sababu nauza orijino. Ni kwa sababu siuzi kingine. Siku nikiweka feki boksi moja tu kwenye rafu, hata ile orijino mteja ataigeuzageuza aangalie muhuri. Sasa wewe unataka nimpeleke binti yangu kwa wale wakubwa, na hapohapo jina lake lionekane kwenye vyuo vya uchochoroni. Watasema nini? Watasema hata watu wake hawamwamini. Watamgeuzageuza."

Nilimwelewa ghafla. Nilikuwa nimedhani ni kiburi, na huenda kidogo kilikuwemo. Lakini mtu huyu alikuwa anaongozwa na sheria iliyomlisha yeye na yatima wawili, na katika biashara yake sheria hiyo ilikuwa ya kweli.

"Baba Mkubwa, vyuo hivyo havionani."

"Havionani vipi?"

"Kila kimoja kinapokea maombi yake. Hawa hawajui umeomba wapi kwingine. Hakuna rafu moja."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba lori lake halina breki na halijawahi kuwa nazo. "Hawaulizani?"

"Mkaguzi akiomba vyuo saba au kimoja, kule wanaona fomu moja tu. Ile iliyo mbele yao."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika na vyuo hivi saba. Nimesoma taratibu za kila kimoja. Kama una shaka, tuzisome pamoja sasa hivi."

"Mimi nilimwambia," Mkaguzi akasema. "Akaniambia mimi mtoto."

"Wewe ni mtoto."

"Mtoto aliyesoma taratibu."

Baba Mkubwa akakohoa, akafuta uso kwa leso, akasema ni joto. Nikadhani tumefika. Watu wengi hoja yao ikianguka huinuka na kuondoka nayo kimya kimya, nami huwaachia nafasi hiyo. Lakini yeye alikuwa na hoja nyingine chini ya ile, na sidhani kama mwenyewe alijua anaitoa.

"Hata kama hawaonani," akasema, "yeye ataona. Mtoto akijua kuna mlango mpana nyuma, ule mwembamba hausukumi kwa nguvu. Analegea. Kama yule kaka ya—"

Mama alifunika mdomo.

"Malizia, Baba," Profesa akasema.

"Sikuwa na maana hiyo."

"Malizia tu. Mimi sikuwa na mlango wa nyuma. Ulisema tusiuweke, hatukuuweka. Lakini bado unasema nililegea."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ule upole ndio uliotufanya sote tutazame vifungo.

Nilikuwa nimeombwa nisimhusishe. Nikamtazama mama, naye akafumba macho mara moja, polepole, akayafumbua. Nikachukua hilo kuwa ruhusa.

"Unakumbuka alama zako?" nikamuuliza Profesa.

Alizitaja somo kwa somo bila kufikiri, kama mtu anavyotaja majina ya ndugu zake. Nikamuuliza aliomba kusoma nini, akasema uhandisi. Nikamuuliza kuhusu msaada wa ada, na insha yake aliandika nini. Akajibu yote. Nikatoa jedwali la mwaka ule, nikalifuata kwa rula mstari kwa mstari, nikarudia. Hakuna aliyeniharakisha, hata Baba Mkubwa.

Kisha nikavirudisha vile vinane kwenye rundo, nikatenga upya. Sita.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa kwako," nikamwambia. "Uhandisi ulikuwa na waombaji wengi zaidi. Sita katika mia kwa kila chuo."

Alisogea mezani kwa mara ya kwanza. Hakuvigusa. Alivitazama vile sita, halafu akalitazama rundo kwa muda mrefu zaidi, na nikaona kwamba rundo ndilo alilokuwa akilitafuta.

"Wengi hivi?" akauliza.

"Wengi hivyo. Na alama zao ni kama zako."

Baba Mkubwa alinyoosha mkono, akachukua kifungo kimoja kutoka rundo kubwa, akakigeuza kati ya vidole vyake vyeusi, akatazama nyuma, akatazama mbele. Akachukua kimoja kati ya vile sita, akakigeuza vilevile. Akaviweka kando kwa kando.

"Angesoma zaidi?" akaniuliza. Hakukuwa na ukali tena. "Tuseme asingelala kabisa."

"Labda kingeongezeka kimoja. Sita ingekuwa saba."

"Kimoja."

"Au kisiongezeke."

Akainamisha kichwa. "Kila mteja anayeingia dukani nimemwambia. Unamwona huyu kijana? Huyu angekuwa mhandisi, ni uvivu tu. Nilidhani namchochea. Nilidhani mdogo wake anasikia, atajifunza."

"Nilisikia," Mkaguzi akasema.

Huko chini fundi wa miwani alikuwa akimpongeza mtu. Kisha Baba Mkubwa akasema bila kuinua uso, "Nenda ukalete gari, mwanangu."

"Gari liko hapo chini, Baba."

"Basi nenda ukaliangalie."

Profesa alielewa kabla yetu. Alipita nyuma ya kiti cha baba yake mkubwa, akamwekea mkono begani, kidogo tu, akatoka. Mzee akatoa leso tena. Safari hii hakusema ni joto. Mama naye alilia waziwazi, kwa utulivu, kama mtu anayeweka chini mzigo aliokwisha kusahau kuwa ameubeba.

Mkaguzi hakulia. Alivua miwani, akaweka paji la uso mezani, katikati ya vifungo, na nikaona mabega yake yakishuka. Nilimsogelea.

"Mwanangu, namba ile imekuvunja moyo?"

"Hapana." Sauti ilitokea chini ya nywele. "Mama Vifungo, nane ni nzuri sana. Nane inavumilika. Siku zote hizi silali kwa sababu ya ile mia ya Baba Mkubwa. Ukiwa na mia na ukakosa, ni wewe. Nikiwa na nane na nikakosa…" Akainua kichwa. Kifungo kimoja kilikuwa kimemganda kwenye paji la uso. "…nimekosa kama watu."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kwa ajili ya kile kifungo. Kisha Baba Mkubwa, kwa sauti ile ya ngazini, kavu kidogo. Alikibandua mwenyewe.

"Haya," akasema. "Nionyeshe hivyo vyuo vya uchochoroni."

Tulikaa navyo mpaka jua lilipohama dirishani. Alivikagua kama vipuri. Hiki kimetengenezwa lini? Nani anakitumia? Mtu akitoka humo anafanya kazi, au anarudi kuniuliza bei ya plagi? Kimoja alikikataa kwa sababu hakupenda jengo, tukakitoa na kuweka kingine kisichopungua ubora. Kile cha katikati ambacho Mkaguzi alikitaka zaidi kilikuwa na walimu wa takwimu wanaofanya kazi na viwanda, wakichunguza kwa nini vitu huharibika. Alipomweleza hilo, Baba Mkubwa alimtazama muda mrefu.

"Kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi nakutumia bure."

Profesa aliporudi alikuwa ameosha gari zima. Maombi yote saba yalipelekwa kesho yake, dirisha likiwa bado wazi.

Miezi ya kungoja ilipita kama inavyopita. Nilikuwa na wanafunzi wengine, na wengine namba zao zilikuwa ngumu kuzisema kuliko ile. Siku moja simu ikalia, na kabla sijasema halo Baba Mkubwa alikuwa anapiga kelele kwamba kile cha takwimu na viwanda kimemchukua, tena kwa msaada wa ada, na kwamba jengo lake nalo, ukilitazama vizuri, si baya. Nikaweka simu chini nikakaa. Ni kweli kwamba kukadiria si kuamua. Lakini wanafunzi ninaowakadiria hunikaa kifuani mpaka nisikie, na huyu alikuwa amekaa kwa uzito kidogo. Wiki chache baadaye viwili kati ya vile vikubwa vikamkataa. Mama alinipigia kuniambia, akasema wamekula vizuri na wamelala.

Kisha Profesa alikuja kunichukua kwa gari. Alisema Baba Mkubwa anataka nilione duka.

Lilikuwa refu na jembamba, rafu zimepanda mpaka darini, harufu ya mpira mpya na mafuta. Mikanda ya feni ilining'inia kama shanga za jitu. Baba Mkubwa alinipa kiti nyuma ya kaunta, chai mkononi, akaniacha hapo nione. Dereva mmoja aliingia akitaka pedi za breki. Profesa hakuzitoa. Alimuuliza gari linalia vipi, likiwa kwenye mwendo gani, na sauti inabadilika akikata kona? Yule akasema inabadilika. "Basi si breki, kaka. Ni beringi ya gurudumu. Ukinunua pedi utakuwa umenilisha mimi bure." Dereva akamgeukia Baba Mkubwa kama anayetafuta uthibitisho.

"Msikilize huyo," Baba Mkubwa akasema. "Ndiye mwenye duka." Akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, na ilinichukua kitambo kujua anamwita nani.

Tulipobaki wawili kwenye kaunta, Profesa aliniambia kwamba watu wameanza kumuuliza kama naye ataomba tena.

"Utaomba?"

"Hapana, mama. Mimi duka nalipenda. Nalipenda tangu nikiwa nacheza chini ya kaunta hii. Nilichokuwa sikipendi ni kuambiwa kila siku kwamba ni adhabu." Aliweka boksi la beringi mahali pake, akalinyoosha likae sawa na wenzake. "Sasa nikifungua mlango asubuhi, nafungua mlango tu."

Mkaguzi alikuwa juu ya ngazi ya magurudumu, akihesabu filta za hewa, simu yake ilipolia mlio mfupi. Aliitoa, akasoma. Nikamwona anasoma mara ya pili. Mama alikuwa mlangoni na mfuko wa vikombe, akasimama.

"Cha tatu," Mkaguzi akasema. "Wamekataa."

Hata mimi, niliyeitenga ile nane, nilishika kikombe kwa nguvu. Wote tukamtazama Baba Mkubwa. Yeye alikuwa anamfungia mteja boksi kwa kamba, akamaliza kwanza fundo lake.

"Waliomba wangapi mwaka huu?" akauliza.

Mkaguzi akatafuta kwenye simu, akamtajia. Baba Mkubwa akapiga mluzi mrefu, akatikisa kichwa.

"Maskini," akasema. "Na wote hao wana baba zao wakubwa."

Kisha akamuuliza filta zimefika ngapi, naye akaanza kuhesabu upya kutoka juu, maana zilikuwa zimempotea.